Ng'ombe wa Ayikoru na Digrii ya Urubani

Kosa langu la mapema kabisa lilikuwa kuanzia hesabu kwenye mshahara. Nilimwuliza rubani analipwa nini kwa mwezi, nikazidisha kwa kumi na mbili, nikazidisha tena kwa miaka ambayo mtu hufanya kazi kabla hajaota mvi, nikaona nimekwisha tajirika. Gharama ya masomo niliitia mwishoni, kama mpishi anayekumbuka chumvi chakula kikiwa tayari mezani.

Nawaandikia ninyi vijana mnaonijia hapa Arua na swali lile lile: "Mzee, digrii ya urubani inalipa?" Mmesikia nilifanya kazi uwanja wa ndege, mkadhani nilikuwa angani. Sikuwa angani. Nilikuwa chini, napima mizigo na watu, natia mafuta na kufukuza mbuzi ndege inapokaribia kutua. Hakuna aliyenifundisha kazi hiyo darasani. Na jambo jingine mlijue mapema: mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango, narudi kuusukuma nione kama umefunga kweli, kisha narudi tena. Mke wangu husema nilipozaliwa nilichungulia kwanza. Kwa hiyo nikiwaambia nilikosea hesabu, jueni sikukosea kwa uvivu. Nilihesabu kila kitu nilichokiona.

Kazi niliianzia Zaire. Vita vya 1979 vilivyoiangusha serikali vilipopita na visasi vikafuata, watu wetu wengi walivuka mpaka, nasi tukavuka. Nilikuwa kijana mdogo. Karibu na tulipokaa palikuwa na kiwanja cha misheni, na ndege ndogo ilikuja ikileta dawa. Nilijipenyeza kusaidia kuviringisha mapipa ya mafuta. Padri mmoja alinipa kitabu kisicho na jalada, chenye mambo ya uzito wa ndege, mawingu na upepo. Kiingereza chake kilinishinda nusu. Nusu nyingine niliisoma mpaka kurasa zikalegea. Tuliporudi Arua, miaka ya themanini ikielekea mwisho, nilikwenda uwanjani moja kwa moja, nikasema naweza kupima mizigo. Uwanja wenyewe wakati ule ulikuwa udongo mwekundu ulioshindiliwa, na kibanda kimoja.

Mizani yetu ilikuwa ya tumbaku. Ilitoka katika ghala la wanunuzi wa tumbaku, ile ya kukanyagia, na ilikuwa bado inanuka. Ndege ndogo haina utani na uzito. Ukizidisha, inakimbia uwanja mzima inataka kupaa na miti inaikaribia. Basi kila abiria alipanda mizani. Siku ya kwanza nilimwelekeza mfanyabiashara mmoja mwanamke, mtu mzima, nikasema tu, "Panda hapa." Alinitazama kuanzia viatu mpaka kofia.

"Baba," akasema, "kwetu tumbaku hupimwa. Mtu husalimiwa."

Watu walicheka mpaka nikatamani udongo unimeze. Tangu hapo nilisalimia kwanza, nikauliza habari za nyumbani, ndipo mizani. Naye alipopanda, nilikuta amevaa vitenge vinne na amejifunga samaki wakavu kiunoni, asilipie mzigo. Kwa hiyo ninyi mtakaofanya kazi hii: mpimeni mtu na alichovaa, alichoshika na alichokificha. Msimvue, msimwaibishe. Pima tu, andika, ongeza.

Mafuta nayo yana elimu yake. Pipa usilitumie siku linapofika. Liache limeegemea upande mmoja, maji na uchafu vikusanyike chini, uvute kutoka upande wa juu. Toa kidogo kwenye chupa nyeupe, inua kwenye mwanga. Maji hukaa chini kama ushanga. Mimi nilikuwa nikiangalia chupa hiyo, naimwaga, natoa nyingine. Siku moja rubani wetu alichoka kunisubiri. Alikuwa Mkenya, mtu wa Kitale, mrefu hata kuingia ndani ya ndege ilikuwa kazi ya kujikunja. Sisi tulimwita Kapteni tu.

"Kijana," akaniita kutoka kwenye kiti chake, "hayo mafuta unayapima au unayachumbia?"

Kapteni ndiye niliyemwuliza kuhusu mshahara. Wakati huo nilikuwa nimekwisha fanya mtihani wa kuingia chuo, na chuo kimoja cha nje kimenikubali kusomea digrii ya urubani. Miaka minne. Nilimwonyesha hesabu yangu, yenye mshahara mwanzoni na utajiri mwishoni. Aliisoma akitafuna karanga.

"Umeandika vizuri," akasema. "Hata mistari umepiga na rula. Leseni iko wapi?"

"Si nitapewa na digrii?"

"Nani amekudanganya? Digrii ni kitu kimoja, leseni ni kitu kingine. Digrii utapewa na joho, mama atapiga vigelegele. Leseni inataka saa za kuruka, na kila saa inakunywa mafuta. Nani anayalipa? Wewe. Umeuliza kama chuo chako kinatia saa hizo ndani ya karo?"

Sikuwa nimeuliza.

"Na ukishapata leseni, unadhani watakupa ndege kubwa kesho yake? Mimi mwaka wa kwanza baada ya chuo, kitu pekee nilichoruka kilikuwa chakula cha mchana. Nilikaa ofisini nikiandika mizigo ya wenzangu. Kama unavyofanya wewe sasa, bila karo."

Nilicheka kidogo, kwa adabu. Yeye hakucheka.

"Na macho?"

"Yangu mazima, Kapteni."

"Amesema nani?"

"Mimi."

"Daktari wa marubani ndiye husema. Kamwone kabla hamjauza hata kuku."

Huo ndio ushauri wa bei rahisi kuliko wote niliowahi kupata, na ninawapa bure: daktari kwanza, karo baadaye. Kapteni mwenyewe alinibeba mpaka Entebbe siku ambayo kiti kilikuwa kitupu, nikaenda kupimwa. Macho yalikuwa mazima. Moyo ulimshangaza daktari.

"Umepanda ngazi mbio?" akaniuliza.

"Hapana, nimekaa hapo nje."

"Ulikuwa unafanya nini huko nje?"

"Nilikuwa nawaza, daktari."

Aliniambia nikae, ninywe maji, nisiwaze. Ilichukua muda. Mwishowe moyo ulitulia, akanipitisha.

Nikarudi na kuanza hesabu upya. Safari hii sikuanza na mshahara. Niliweka karo, saa za kuruka, kulala, kula, koti la baridi, na mwaka mzima baada ya chuo wa kukaa bila kazi, maana Kapteni alikuwa amenitisha. Sikuhesabu kwa shilingi. Shilingi ya siku hizo ulikuwa ukiihesabu asubuhi, jioni imekwisha kuwa kitu kingine. Nilihesabu kwa ng'ombe, kama watu wote wenye akili walivyofanya. Na ng'ombe tulikuwa nao: saba, pamoja na mbuzi, zizini kwa baba. Walikuwa mahari ya dada yangu Ayikoru, aliyeolewa Omugo na mkulima wa tumbaku, mwaka mmoja na kidogo kabla ya hapo. Wasingetosha kwa yote, lakini wangelipa safari na karo ya mwanzo, na mengine ningeyafanyia kazi huko huko. Baba alikubali wauzwe wote kwa ajili yangu. Alikubali haraka, nadhani kwa sababu alikuwa amekwisha watangazia watu kanisani kuwa mwanawe atarusha ndege.

Palibaki ng'ombe mmoja wa kuombewa ruhusa. Kwa desturi yetu, mahari ya binti ina sehemu ya mjomba wake, ndugu wa mama. Mama yangu alikuwa Mkakwa, wa kabila la jirani zetu wa Koboko. Basi nikapanda lori, nikaenda kwa mjomba.

Mjomba Khamis nilikuwa nimemsikia zaidi ya kumwona. Miaka ya sabini alikuwa jeshini, akapelekwa ng'ambo kusomea mitambo ya ndege. Serikali ilipoanguka alikimbilia Sudan, na cheti chake alikichoma njiani, kwa kuwa siku zile karatasi ya kuonyesha ulikuwa askari wa serikali ile ingeweza kumponza. Nilimkuta Koboko sokoni ana mashine ya kusaga unga, amejaa vumbi jeupe hata kwenye nyusi. Alikuwa anazungumza Kiswahili cha kambi za jeshi, kile ambacho wengi wenu mnakijua kwa babu zenu.

"Salaam aleikum, mjomba."

"Aleikum salaam! Mutoto ya dada yangu! Keti hapa. Hapana pale, pale iko unga. Mama iko mzima?"

"Mzima, anakusalimu."

"Nasikia wewe nataka kuruka."

"Ndiyo, mjomba. Nimekuja kuhusu ng'ombe."

"Ng'ombe tutasema. Kwanza chai."

Tulikunywa chai. Nilimwonyesha hesabu yangu mpya. Aliniacha niisome yote, kisha nikamwuliza lile nililotaka hasa kujua: yeye aliyesomea ndege, masomo yale yalimlipa?

Akacheka. "Mimi nilisoma miaka tatu, ndani ya baridi, na mkalimani. Nilirudi na suti. Watu ya Koboko ilichinja ng'ombe. Mshahara ilikuwa mzuri, mzuri sana, sidanganyi wewe. Halafu serikali naanguka. Wewe nafikiri ndege ilinibeba kwenda Sudan? Nilikwenda na mguu hii."

"Basi ilikuwa hasara."

"Hapana! Nani nasema hasara? Sikiliza." Aligonga ubavu wa mashine ya unga iliyokuwa ikinguruma. "Hii mashine nikisikia sauti yake, najua nini iko karibu kuvunjika. Kwa wengine inavunjika, mimi nazima mapema. Hiyo iko ile masomo. Masomo haipotei. Lakini malipo iko na mwenyewe. Yeye akianguka, malipo naanguka pamoja naye. Wewe katika hesabu yako umeandika yule atakulipa ni nani?"

Sikuwa nimeandika. Nilitoa kalamu palepale, naye akanishika mkono.

"Weka kalamu. Ile ng'ombe yangu moja, chukua, nimekupa. Zile zingine umeuliza mwenyewe yake?"

"Baba amekubali."

"Baba yako iko mchunga ng'ombe tu. Mimi nauliza mwenyewe."

"Mwenyewe nani, mjomba?"

"Ayikoru," akasema. "Kesho akirudi nyumbani, watu ya Omugo itakuja kuchukua ng'ombe yao. Utarudisha nini? Utarudisha ndege?"

Kwa wale mliokulia mjini, naeleza. Kwetu binti akiacha ndoa na hana mtoto, kama dada yangu wakati ule, mahari hurudi yote kwa waliotoa. Ng'ombe wakiwepo zizini, wazee hukaa, hubishana, ng'ombe hurudishwa, naye binti yuko huru. Wasipokuwepo, baba humwambia binti, "Rudi kwa mumeo, mwanangu, vumilia." Hasemi hivyo kwa ukatili. Husema kwa kuwa hana la kurudisha. Sisi sote tunaijua desturi hii tangu utotoni. Mimi niliijua. Niliandika mpaka koti la baridi, na hili sikuliandika popote, kwa sababu nilipowatazama wale ng'ombe niliona ng'ombe wetu.

Nilirudi Arua kwa lori la mihogo. Kesho yake nikachukua baiskeli ya uwanjani, ile ya kufukuzia mbuzi, nikaenda Omugo.

Mume wa Ayikoru hakuwepo. Dada yangu alikuwa kivulini nyuma ya nyumba, anachambua majani ya tumbaku na kuyafunga mafungu. Yeye ni mkubwa kwangu kwa mwaka mmoja, na mdomo wake ulikuwa mkali tangu zamani. Tulisema Kilugbara, lugha ya kwetu, hapa maneno ninayaweka kwa Kiswahili.

"Karibu, rubani wetu. Umekuja kwa baiskeli? Ndege imeharibika?"

"Acha hizo. Hujambo?"

"Sijambo. Keti, ila mikono yangu haisimami."

Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimefungwa kitambaa. Nikauliza kuna nini.

"Mlango," akasema.

Nikageuka kuitazama nyumba. Haikuwa na mlango wa kubana kidole cha mtu. Ilikuwa na mkeka unaoning'inia. Niliuona, vijana, na siwezi kusema sikuuona. Mtu aliyezoea kutafuta tone la maji ndani ya chupa ya mafuta hakosi kuona mkeka. Hata hivyo nikaendelea na swali nililokuja nalo, kwa sababu nilikuwa nimelipanga njia nzima na niliogopa kulipoteza.

"Nikienda kusoma, ng'ombe watauzwa wote. Ni miaka minne, na mwaka mmoja wa kutafuta kazi. Nataka kujua kama utaweza..."

"Nitaweza nini?"

"Kukaa."

Alifunga fungu moja, akaliweka juu ya mengine.

"Hebu niambie kazi yako," akasema. "Ndege ikitoka Entebbe kuja kwetu, mnaitia mafuta ya kufika tu?"

Nilifurahi. Hilo nililijua. "Hapana. Ya kufika, halafu akiba."

"Akiba ya nini?"

"Labda ikute mvua imefunga uwanja. Iweze kugeuka, itafute pa kutua."

"Na ikifika salama, hayo mafuta ya akiba yamepotea bure?"

"Hayajapotea. Rubani anashukuru tu hakuyahitaji."

"Na rubani aliyekwisha yatumia safarini, mvua ikimkuta?"

Hapo ndipo nilipoona anakonipeleka.

"Wale ng'ombe ndio akiba yangu," Ayikoru akasema, kwa sauti ile ile ya kuongea habari za mvua na mbegu. "Huyu bwana akilewa, anakumbuka wako kwa baba. Anajua naweza kuamka nikaondoka. Mkono wake unapungua nguvu. Siku akisikia wameuzwa, atajua sina pa kugeukia." Alichukua jani jingine, akalinyoosha kwenye goti. "Sikukatazi. Wewe ni ndugu yangu, nataka uruke, nikutazame nikiwa shambani niwaambie wenzangu yule ni wetu. Lakini umeniuliza kama nitaweza kukaa. Swali si hilo. Uliza kama nitaweza kutoka."

Alinipa muhogo wa kuchemsha nile njiani, akaniambia nipande baiskeli kabla jua halijawa kali. Nilipofika barabarani niligeuka, alikuwa amekwisha inamia tumbaku yake.

Nyumbani nilikuta mnunuzi wa ng'ombe amefika kutoka Inde, na kamba zake begani. Alikuwa na baba zizini, wanawatazama ng'ombe meno. Nikasema hapo hapo, kabla ujasiri haujanitoka:

"Baba, hawauzwi."

Baba alidhani nimekosea kusema. "Nini?"

"Hawauzwi. Siendi."

"Mwaka mzima umelala na hesabu, umeamka na hesabu, mimi nimewaambia watu wote kanisani. Leo mtu ametoka Inde kwa miguu yake, wewe unasema huendi? Umerogwa Koboko?"

"Nimetoka Omugo."

"Omugo kuna nini?"

"Ayikoru ana vidole vimefungwa. Anasema ni mlango."

Baba aliwahi kwenda Omugo. Aliingia nyumba ile siku ya kumpeleka binti, akainua ule mkeka kwa mkono wake mwenyewe. Mkono wake ulikuwa bado juu ya shingo ya ng'ombe mwekundu, akawa anaipapasa tu. Mwishowe akauliza, bila kunitazama:

"Vingapi?"

"Viwili."

Akamgeukia mnunuzi. "Ndugu yangu, samahani. Leo hakuna biashara."

Yule mtu wa Inde alikuwa mtu wa heri. Alikunja kamba zake, akasema, "Basi niuzieni hata jogoo, mke wangu asiseme nilikwenda kutembea." Tukamwuzia jogoo.

Chuo nilikiandikia kwamba siji. Niliiandika barua hiyo mara nyingi, kwa kuwa kila mara niliona mstari mmoja umepinda. Kapteni nilimwambia tukiwa tunatia mafuta. Alisikiliza mpaka mwisho, akaichukua chupa mkononi mwangu, akaiinua mwenyewe kwenye mwanga. "Safi," akasema. Sikujua kama anasema mafuta au uamuzi wangu.

Ayikoru alirudi nyumbani msimu wa kuuza tumbaku ulipokwisha. Alikuja kwa miguu na fungu moja la nguo. Mama alipika. Baba alimwuliza kama ana kiu. Hakuna aliyemwambia avumilie.

Ng'ombe na mbuzi niliwarudisha mimi pamoja na wazee wa ukoo. Ni mwendo wa kuchosha, maana ng'ombe hana haraka ya kurudi alikotoka. Omugo tulikaa kutwa nzima tukibishana. Kwanza mkwe, yule mume wa Ayikoru, alisema yule mwekundu amekonda tangu walipomtoa. Mimi, mtu wa mizani, nilitamani ningekuwa na yangu pale. Kisha wakamdai na ndama aliyezaliwa zizini kwetu. Mzee wetu mmoja akauliza kama na maziwa tuliyokunywa tuyatapike. Watu wakacheka, hata mkwe. Ndama tukamwacha. Desturi ilikuwa upande wao, na dada yangu alikuwa na thamani kuliko ndama. Tulirudi mikono mitupu, na mzee yule aliimba njia nzima.

Sitawadanganya kwamba sikuumia. Kwa miaka mingi, kila ndege ilipopaa, niliacha kazi nikaifuata kwa macho mpaka ikapotea. Nilipowapokea marubani vijana waliokuja na mabega yenye mistari, nilikagua kazi yao kwa ukali kuliko ilivyostahili, na mmoja aliniambia hivyo usoni. Alisema kweli. Ayikoru baadaye aliolewa na mkulima wa mihogo wa Kuluba, mtu mpole asiyekunywa pombe, naye mume huyo akaleta ng'ombe wake polepole, mmoja leo, mwingine baada ya mavuno. Baba akaniambia, "Sasa nenda, hawa hawatadaiwa tena." Nilimwambia hapana. Nafasi chuoni ilikwisha potea, umri ulikuwa umesogea, na juu ya yote, hata mtu mpole si sababu ya kumaliza akiba. Baba alisema mimi na wasiwasi wangu tutazeeka pamoja. Ndivyo ilivyokuwa.

Basi mkija kuniuliza kama digrii ya urubani inalipa, siwezi kuwajibu ndiyo au hapana, na anayejibu upesi anauza kitu. Inaweza kulipa vizuri. Nendeni kwa daktari wa marubani kabla ya yote. Kiulizeni chuo, kwa maandishi, kama saa za kuruka zimo ndani ya karo au mtazilipa ninyi, na mkimaliza mtakuwa na saa ngapi. Mwulizeni aliyemaliza juzi anafanya kazi gani leo, msimwulize aliyemaliza zamani. Jueni atakayewalipa ni nani na kama atakuwepo. Na zile fedha zikipatikana, tafuteni zilikotoka mpaka mfike kwa mtu, mumkute ana kwa ana, mumwulize yeye atabaki na nini. Hapo mwisho ndipo mshahara uingie kwenye hesabu.

Mengi yamebadilika tangu wakati ule. Uwanja una lami, mbuzi hawaingii, na mizani hainuki tumbaku. Lakini badiliko ninalotaka mlijue ni la nyumbani kwetu. Mahari ya binti wa ukoo wetu hailipi karo ya mtu yeyote tena. Anayetaka kusoma, tunamchangia sote, awe wa kiume au wa kike. Ng'ombe wa binti hukaa zizini, na kila mwaka baba yake humpelekea habari kwamba bado wapo.